Jina Ambalo Karani Ngoie Hakulisoma

Vijana wangu mnaoshika kalamu za serikali, sikuja kuwafundisha mwandiko mzuri. Mwandiko wangu mwenyewe ulikuwa mbaya, ndiyo maana walinipa mashine ya taipu. Nilikaa miaka mingi katika ofisi ya kambi ya askari hapa kwetu, siku zile mji ukiitwa Elisabethville, na kazi yangu ilikuwa kuandika maisha ya askari: ameingia lini, amepanda cheo lini, ameadhibiwa kwa nini, ametoka namna gani. Na kwa kuwa aandikaye ni binadamu, nusu ya kazi ilikuwa kusahihisha yale tuliyoyakosea sisi wenyewe. Watu husema karani hatoki jasho. Hawajawahi kukaa kwenye kiti changu.

Makosa mengine yalikuwa ya kuchekesha tu. Kulikuwa na koplo mmoja, mtu wa kimo cha kawaida, ambaye kadi yake ilimpa urefu wa mita mbili na sentimita sabini na moja. Karani alikuwa amegeuza tarakimu. Fundi cherehani wa kambi hakumwita koplo wala hakumpima. Alishona suruali kama karatasi ilivyosema. Koplo akaja ofisini ameishika suruali ile chini ya kidevu na bado inaburuta sakafuni. "Hii ni ya kuvaa miye na nani?" akauliza. Tulicheka mpaka tukaagizwa kunyamaza. Suruali ilikatwa siku hiyo hiyo, lakini kadi ilichukua miezi mitatu kurekebishwa.

Ndiyo, miezi mitatu! Kosa la karatasi huingia kwa dakika moja na kutoka kwa mwaka. Halifutwi kwa wembe, maana anayekuja baada yako ataona pamekwanguliwa na kudhani umeficha jambo. Unapiga mstari mmoja wa wino mwekundu, kosa libaki linasomeka, unaandika juu yake lililo sahihi, unatia sahihi yako pembeni. Hayo nilifundishwa na Karani Ngoie.

Karani Ngoie alikuwa mkubwa wangu wa kazi, Mluba mnene wa sauti ndogo, suti yake imepigwa pasi hata siku ya mvua. Nilimwita Tata, yaani baba, kwa heshima, naye aliniita mwana. Hakuwahi kunigombeza mbele ya watu. Ukikosea alikuwa anakohoa mara moja, basi, unajua. Sijapata kumpenda mkubwa wa kazi mwingine kama yule, na nayasema haya mapema ili mnaposikia alivyokosa msimdharau.

Juu yetu sote alikuwa ajida mmoja Mbelgiji, msimamizi wa ofisi, ambaye askari walimwita Bwana Mistari, kwa sababu hakuacha rula mkononi. Alipiga mstari chini ya kila kitu. Nadhani hata barua za mke wake alizipigia mistari.

Sasa nije kwenye lile lililonitoa jasho.

Kila mwaka askari wa akiba, yaani wale waliomaliza muda wao jeshini na kurudi uraiani, waliitwa kambini siku chache kufanya mazoezi. Jumatatu moja asubuhi akaingia Sajini Mwansa, mtu wa Kilwa yetu ya ziwani, si ile ya pwani, mwembamba, viatu vimepakwa rangi mpaka vinang'aa. Alikuwa amehamia mtaa mpya wa Ruashi na mke wake, nyumba za huko zikiwa bado zinanuka chokaa mbichi. Alisimama wima mbele ya meza yangu akataja jina na namba yake. Nikatafuta kwenye orodha mpya, ile niliyoitaipu mwenyewe mwaka uliotangulia. Nikaona jina. Nikafuata mstari kwa kidole hadi kwenye maelezo. Pameandikwa: mtoro.

Nilisoma mara tatu. Kisha nikampelekea Bwana Mistari, maana sheria ilikuwa hivyo.

"Karatasi iko nasema weye ulikimbia kazi," Bwana Mistari akamwambia.

"Nikimbie, kisha nikuye miye mwenyewe hapa na viatu vya kung'aa?" Mwansa akajibu. "Bwana, nilimaliza miaka yangu yote. Balinipa na kitabu ya kumaliza kazi."

"Kitabu iko wapi?"

Mwansa akaangalia chini. "Muchwa balikula. Ilikuwa mu sanduku. Balikula kitabu na nguo ya bibi yangu ya ndoa."

Bwana Mistari akacheka kidogo, lakini rula haikucheka. Mtoro alikuwa mtu wa kufungwa. Na akishafungwa, hata akitoka, kibali cha kukaa mjini hana tena. Nyumba ya Ruashi ingekwenda kwa mwingine. Bwana Mistari akasema atampa mpaka Jumamosi saa sita za mchana. Kama hakuna karatasi nyingine ya kuipinga orodha, ataingia buloko, maana ndivyo tulivyoiita jela. Wakati huo atalala nyumbani kwake, ila kila asubuhi aje ajionyeshe ofisini.

Na kweli kila asubuhi alikuja, kutoka Ruashi kwa baiskeli, umbali ule wote. Mtoro gani huyo! Nilikuwa namwona kupitia dirishani anafuta vumbi la njiani kwenye viatu vyake kabla ya kupanda baraza, na moyo unaniuma. Mkono ulioandika neno lile ulikuwa wangu. Nilikuwa najiambia kwamba nilitaipu nilichosomewa tu, lakini usiku wa mkosaji ni mrefu, nyinyi mnajua.

Alhamisi Mwansa akaniomba nimsomee majina ya wale walioandikwa karibu naye. Haikuwa ruhusa, nikamsomea. "Chibwe," nikasema. "Mwansa. Mumba. Kapya."

"Simama," akasema. "Rudia."

Nikarudia.

Akakaa sawa kama yuko gwaride. "Siye balituandika siku moja kule Kilwa, mustari moja, na namba zetu zinafuatana. Miaka saba, kila asubuhi tunaitika vile. Chibwe! Kalenga! Mwansa! Mumba! Kapya! Hata mu usingizi naweza kuitika. Kalenga iko wapi?"

Nikatazama orodha. Kalenga hayupo. Namba yake haipo pia, lakini hilo halikuwa limemshtua mtu, maana namba zilirukaruka kila mahali. Wengi walikuwa wamehamishiwa kambi nyingine. Nikageuka kumwuliza Tata Ngoie. Alikuwa ameacha kuandika. Alikohoa, lakini si kile kikohozi chake cha kunionya. Akaondoka kwenda nje bila kofia, na Ngoie hakuwa mtu wa kutoka bila kofia.

Nilimkuta nyuma ya ofisi, kwenye ukuta wa ghala.

"Mwana," akaniambia, "baba wa bibi yangu, jina yake unaijua?"

Nikasema siijui. Nilikuwa simjui mzee yule ila kwa "baba mkwe".

"Ni ile askari ametaja."

Nyinyi vijana wa leo mnawaita wakwe zenu majina yao, hata kwa simu. Kwao Ngoie mambo ya buko, yaani heshima ya ukwe, hayakuwa mchezo. Mkwe hataji jina la baba mkwe, hata likiwa ni la mtu mwingine kabisa, hata likiwa limeandikwa kwenye kitabu cha serikali. Akilitaja mbele za watu amemvua mzee nguo, na mke anaweza kurudi kwao.

Hapo akanieleza yote, nikaelewa. Katika kazi yetu Tata Ngoie alikuwa anasoma na mimi nataipu. Karani aliyekuwa kwenye kiti changu kabla yangu alijua siri: kila walipofika kwenye jina lile, Ngoie alikuwa anagonga meza kwa kalamu mara tatu na kusukuma kitabu mbele kidogo, na mwenzake anajisomea mwenyewe. Walifanya hivyo miaka mingi bila kosa. Mimi nilipoingia hakuna aliyeniambia. Siku ile aligonga. Nilisikia, nakumbuka hata sasa nilisikia! Nilidhani anafukuza nzi. Sikuinua kichwa kwenye mashine, maana nilikuwa mgeni wa herufi zile na sikuwa nimeoa, ya ukwe nitayajulia wapi?

Na tulikuwa na ujanja wetu wa kumaliza haraka. Kitabu cha zamani kilikuwa kikubwa, majina ukurasa wa kushoto, maelezo ukurasa wa kulia. Badala ya kusoma kila mtu na maelezo yake, tulishuka kwanza na majina yote, kisha tunarudi juu na kushuka na maelezo yote. Jina moja likiruka, maelezo yake hayaruki. Yanamwangukia jirani. Utoro wa Kalenga ulikuwa umemwangukia Mwansa, na mema ya Mwansa amepewa Mumba, na hivyo hivyo mpaka chini ya ukurasa.

"Basi ni rahisi, Tata," nikasema. Nilitaka kuruka kwa furaha. "Tutafute kitabu, tumwonyeshe Bwana."

Kitabu tulikipata Ijumaa asubuhi ndani ya ghala, chini ya magunia ya viatu vilivyochakaa. Mchwa hawakukigusa, Mungu yupo. Lakini urahisi wenyewe haukuwa rahisi. Bwana Mistari alisema orodha ina sahihi mbili, ya msomaji na ya mwandishi, na kwa hiyo itasahihishwa kwa njia ile ile: msomaji yule yule asome kwa sauti mbele yake, mwandishi yule yule ataipu, na mwenye shauri awepo. Kesho saa tano.

Tata Ngoie alirudi mezani kwake uso umekuwa wa majivu.

"Nisiposoma, mutu wa bure anafungwa," akaniambia. "Nikisoma, nyumba yangu inavunjika."

Nilimwambia amweleze Bwana Mistari habari za buko. Alitikisa kichwa. Alishamwona Mzungu yule akicheka mchwa. Kisha akaniomba niende kwa baba mkwe, maana jambo kama lile mkwe haendi mwenyewe, anatuma mtu. Nikaenda jioni, mtaa wetu uitwao Kenya, na kuku jike mkubwa amefungwa kwenye usukani wa baiskeli, ananipigia kelele njia nzima.

Mzee Kalenga alinipokea kwenye kiti chake nje ya nyumba. Nilimpa kuku kwanza, maneno baadaye. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alimbinyabinya kuku kifuani kuona nyama.

"Ule Kalenga mwengine," akauliza, "alitoroka kweli?"

"Kitabu kinasema hivyo, Tata."

"Ile ni haya kubwa!" Akafikiri. "Na mukwe wangu anaogopa kuniita mutoro mbele ya Muzungu."

"Ndiyo, Tata."

"Ana heshima. Mwambie alale. Kesho ntakuya miye."

Nikauliza atakuja kufanya nini. Akasema nisimsumbue, aende kuchinja kuku.

Jumamosi saa tano ofisi ilijaa. Bwana Mistari na rula yake. Mwansa amesimama wima, viatu vinang'aa kuliko siku zote. Nje kwenye baraza alikaa mke wake, Mama Chola, na furushi miguuni. Sikujua lina nini. Na kwenye kiti cha pembeni, amevaa koti na kofia nyeusi, Mzee Kalenga. Bwana Mistari aliuliza huyu ni nani, nikasema ni shahidi. Sikudanganya.

Ngoie alifungua kitabu. Safari hii tulisoma mtu na maelezo yake, kwa kuvuka kurasa. Sauti yake, ndogo siku zote, ilikuwa ndogo zaidi.

"Chibwe. Amemaliza muda wake. Askari wa akiba."

Nikataipu. Kisha kalamu ikagonga meza mara tatu.

Mzee Kalenga akainuka, akavua kofia, akapaza sauti kama yuko porini: "Kalenga!"

Na Tata Ngoie, macho sakafuni: "Mtoro."

Rula ilisimama hewani. "Nani mutoro? Huyu muzee?"

"Miye hapana, Bwana!" Mzee Kalenga akajibu. "Miye niko na jina tu. Miguu ya kukimbia ilikuwa ya mwengine."

Wa kwanza kucheka alikuwa Mwansa. Mtu ambaye saa moja mbele yake kuna buloko, alicheka mpaka akashika meza. Kisha mimi. Kisha Ngoie akaweka leso usoni, na mabega yake makubwa yakawa yanatikisika. Bwana Mistari hakuelewa chochote, lakini kicheko kinaambukiza. Alimwomba mzee akae.

"Mwansa," Ngoie akasoma, na sasa sauti ilikuwa imerudi. "Amemaliza muda wake wote. Mwenendo mzuri sana. Sajini wa akiba."

Visigino vya Mwansa viligongana.

Tuliendelea hadi chini. Mumba akapata yake, Kapya yake, na wale waliofuata. Jina la mwisho likapata maelezo yaliyostahili: amepandishwa cheo, koplo. Maskini, alikuwa koplo tangu mwaka uliopita na mwenyewe hajui! Ndipo Bwana Mistari akaweka rula juu ya ile orodha yenye kosa, akaona kwamba maelezo hayo ya mwisho hayamo mahali popote.

"Na hii ilienda wapi?" akauliza. "Majina pungufu moja, basi maelezo inabakia moja. Nani aliona?"

Nilihisi masikio yananiwaka. Tata Ngoie akaanza: "Ni miye, Bwana, nilikosa..."

Angelibeba. Alikuwa ameshakohoa, ameshajiweka tayari kulibeba hilo nalo. Nikasimama.

"Hapana, Bwana. Ni miye. Ilibakia moja chini, haina mwenyewe. Niliiona. Ilikuwa saa sita, nilisikia njala, nikaiacha."

Vijana wangu, hiyo ndiyo iliyokuwa inaninyima usingizi wiki nzima, na sikuwa nimemwambia mtu. Kama ningeuliza siku ile, "Tata, hii ya nani?", tungerudi juu, tungelipata jina lililoruka, na Mwansa asingeendesha baiskeli wiki nzima kwa hofu. Buko ya Ngoie ilifungua mlango, lakini mimi ndiye niliyeuacha wazi nikaenda kula.

Bwana Mistari aliiva uso kwa hasira. "Kazi imekwisha. Weye utatoka leo."

"Bwana," Mwansa akasema. Alikuwa bado amesimama wima. "Ulisema saa sita. Sasa iko saa tano na nusu imepita. Ukimufukuza huyu, nani ataandika jina yangu? Aandike kwanza."

Bwana Mistari akatazama saa ya ukutani. Akatazama ile mashine, ambayo hapakuwa na mwingine wa kuitaipu siku ya Jumamosi. "Andika," akasema.

Niliandika. Sijawahi kutaipu polepole namna ile. Nilipotoa karatasi, hasira ya Bwana Mistari ilikuwa imepoa; alipiga mstari wake, akatia sahihi, akaniambia kuanzia Jumatatu nitairudia orodha nzima, kombania zote, mtu na maelezo yake, na Ngoie anisomee. Tulifanya hivyo wiki saba. Alipogonga meza, niliinua kichwa.

Mwansa alichukua nakala yake, akatoka barazani, akaiweka mapajani kwa mke wake. Mama Chola hakujua kusoma. Aliniita mimi niliyekuwa mlangoni.

"Inasema nini?"

Nikamsomea. Nilipofika kwenye "mwenendo mzuri sana" akaniambia nirudie. Nikarudia. Akamtazama mume wake kutoka viatu mpaka kichwa.

"Ile nilijuaka bila karatasi," akasema. Kisha akafungua lile furushi. Lilikuwa balangeti nene la rangi ya majivu. "Hii nilileta juu ya buloko. Basema sakafu ya simenti ya kule ni baridi."

Mwansa aliinama kufuta viatu vyake tena, na machozi yakavidondokea. Nami pale mlangoni sikuona haya, nilifuta macho kwa mkono wenye wino.

"Basi, sajini, usilie mbele ya bantu," Mama Chola akasema. "Ile njia ya Ruashi iko na mashimo mingi."

Akalikunja balangeti mara nne, akaliweka kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akalikalia.